MAMA MKWE ANAWATAKA WAJE WAIMBE KWAKE, HAJUI NI AKINA NANI

Shikamoo admin, na ninyi nyote mnaosoma poleni na kazi. Naomba jina langu lisionekane, na baadhi ya vitu nimevibadilisha ili watu wasitambulike. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tatu, nina binti mmoja wa miezi minane, naishi huku Ifakara na mume wangu. Shule niliishia la saba, nikikosea kuandika mnivumilie. Tangu jana maziwa hayatoki vizuri kwa hofu, mtoto analia na mimi nalia naye.

Kaka yangu wa tumbo moja ni fundi wa mashine ya kukoboa mpunga, na mimi hapo hapo napepeta pumba kutafuta chenga. Kaka hapendi wanawake, anapenda wanaume wenzake. Nimejua tangu nikiwa msichana na sijamwambia mtu, hata mume wangu. Mama alipofariki kaka ndiye alinilea, alikuwa ananisuka nywele mwenyewe, vibaya kabisa, halafu ananiambia nimependeza. Anayetaka kunitukana kwa kumpenda anitukane, ila asome kwanza.

Ana wenzake sita walio kama yeye. Mmoja ni Msukuma anachunga ng'ombe, mmoja huja kwa treni kutoka Mlimba, wengine wa huku huku. Wana kwaya yao. Wanaimba nyimbo za kanisani na nyingine anatunga kaka, wanaume watupu, mpaka sauti ya kwanza na ya pili, zile za wanawake, ni wao. Jumapili mchana wanajifungia stoo, upande wa pili wa ukuta wa mashine. Wanapokezana kulisha mpunga ili mashine isinyamaze, maana mngurumo wake ndio unawaficha. Kwa kelele zile hawasikiani vizuri, basi husimama wameshikana migongo wapate kujua mwenzake anavuta pumzi saa ngapi. Mimi nakaa mlangoni, mtu akija nagonga debe. Miaka miwili wanaimba hivyo, msikilizaji wao ni mimi tu, na sasa na mtoto.

Jumapili iliyopita umeme ukakatika. Mashine ikazima ghafla, wao hawakuwahi kunyamaza. Nilikuwa namnyonyesha mtoto, sikumwona mama mkwe wangu akiingia na gunia lake juu ya baiskeli. Zile sauti zikatoka nje wazi. Mama akasimama na baiskeli yake hajui hata aiegemeze wapi.

"Mwanangu, hao ni akina nani?"

"Marafiki wa kaka, mama. Wanajifunza kuimba."

"Mbona simsikii mwanamke? Au wanawake wa Ifakara mmeishiwa pumzi?" Akacheka, kumbe machozi yanamtoka. Akaniambia, "Nilipokuwa wodini nilimwahidi Mungu nikitoka mzima nitafanya shukrani. Sasa waimbaji nimewapata. Jumamosi ijayo waje kwangu, nitachinja mbuzi."

Nilijua kaka atakataa, hakukataa. Aliwaita wenzake na mimi nikiwepo. Yule wa sauti ya kwanza, mpole sana, akaniuliza, "Dada, kweli kuna mtu amelia?" Nikasema kweli. Akamgeukia Msukuma, "Unasikia? Wewe ulisema naimba kama mbuzi aliyefungwa vibaya." Wakacheka wote, sijawahi kuwaona wakicheka vile. Wameshakubaliana kuvaa mashati meupe.

Sasa jana shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, amepiga simu kwamba na yeye anakuja kwenye shukrani ya mama. Anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Mwaka jana alikula kwangu akawa anasimulia huku anacheka jinsi walivyomfukuza mwanamume mmoja kambini kwao, wakamchomea godoro, akakimbia na kiatu kimoja. "Shemeji ungemwona!" Mimi nilikuwa namimina uji, mkono ukaungua. Yule wa sauti ya kwanza alishanisimulia godoro hilo na kiatu hicho. Shemeji akimwona tu atamjua, na akimjua yeye, amewajua wote saba, na kaka yangu akiwemo.

Nilimuuliza kaka kwa mbali, je mkienda sita? Akanijibu, "Leo tukimwacha mmoja, kesho zamu ya nani? Tunakwenda wote au haendi mtu." Nikimwambia habari za shemeji najua yule kijana atakimbia tena, na huenda kaka akamfuata, nisiwaone tena. Nikiwadanganya kwamba shughuli imeahirishwa, mama mkwe ameshatangaza jumuiya nzima, watasikia barabarani kabla ya jioni. Nikinyamaza, Jumamosi nitakuwa nimewapeleka mwenyewe.

Kuna jambo moja tu linanipa matumaini. Mama mkwe wangu ana roho nzuri. Nilipojifungua alinikanda kwa maji moto kila siku, siku nilizokataa alinibembeleza kama mwanaye. Nawaza nimwambie ukweli wote, amzuie shemeji asije siku hiyo, yeye anajua namna ya kumwambia mwanaye. Lakini pia ni mama wa huyo huyo shemeji, na ni mtu wa kanisa, na hajawahi kuniambia anawaonaje watu kama kaka yangu. Akibadilika, kaka amekwisha na ndoa yangu imekwisha.

Kesho asubuhi naenda kwake kuchambua mchele wa shughuli, tutakuwa wawili tu. Wamama wenye wakwe, naomba mnijibu ninyi kwanza kabla ya wengine. Mkwe wako akikaa mbele yako na ungo, akakuambia jambo hili huku anatetemeka, utamfanya nini? Niambieni kweli, msinipe moyo bure, maana nitakavyosoma hapa usiku huu ndivyo kesho nitafungua mdomo au nitaufunga.