Mwana wa Unga

Colman Delahunty alipaka mistari myeupe kwenye barabara za kaunti ya Tipperary kwa miaka thelathini na minane, na siku ya pili baada ya kustaafu alianza kumfuata mkewe kama mkia. Bríd akitoka kuanika nguo, naye yupo uani anashauri shati libanwe upande gani. Bríd akikaanga mayai, Colman amesimama nyuma ya bega lake, anapima kwa macho nafasi iliyopo kati ya yai na yai. Bríd mwenyewe alikuwa bado kazini, dereva wa basi la shule, na zile saa chache za mchana alizokuwa akizipata nyumbani alizoea kuzila peke yake. Wiki ya tatu haikuisha, uvumilivu ukamwisha. Alimpigia simu Íde Mulcahy, mama wa chama cha kuokoa mbwa wa mbio.

"Nasikia mnatafuta walezi wa muda," alimwambia. "Ninaye mmoja hapa. Ana nguvu, hanywi, na hana pa kwenda."

"Mbwa anawajua?"

"Anajua kusimama barabarani kungoja rangi ikauke."

"Huyo atatufaa," Íde alisema.

Ndipo mbwa wakaanza kupita nyumbani kwa akina Delahunty, mmoja akiondoka mwingine anaingia. Walikuwa mbwa waliochoka kukimbia wakiwa na miaka minne, wembamba, matumbo yameng'ang'ania mgongo, miguu mirefu kama ya mtu aliyevaa suruali ya mdogo wake. Walikuwa wamekulia vibandani. Hawakujua kioo, hawakujua mlango wa vioo, hawakujua ngazi. Wa kwanza alisimama chini ya ngazi saa mbili nzima akiitazama kama mtu anayesubiri maelezo. Colman aliona tatizo mara moja. Alikwenda stoo, akatoa kopo la rangi lililosalia kazini, akapiga mstari mweupe kwenye ukingo wa kila kidato. Rangi ilipokauka mbwa akapanda bila shida. Kushuka ndiko kulikomshinda. Kwa muda wa wiki tatu Colman alikuwa akimbeba kila asubuhi, kilo thelathini na mbili, huku mbwa akitazama dirishani kama abiria.

Masharti ya chama yalikuwa kwamba mbwa mgeni haachwi peke yake zaidi ya saa nne. Colman akajikuta amefungiwa jikoni, mahali penye joto ambapo mbwa walipenda kulala, na mikono yake haina kazi. Akaamua kujifunza kuoka mkate.

Mwalimu wake alikuwa Bibi Assumpta Quirke wa nyumba ya pili, mwenye miaka themanini na mmoja, ambaye tangu akiwa na miaka kumi na miwili hajapitisha siku bila kuoka mkate wa magadi, ule usiotiwa hamira. Mizani hakuwa nayo.

"Unga kiasi gani?" Colman alimuuliza, kalamu mkononi.

"Wa kutosha."

"Na mtindi?"

"Mpaka unga useme basi."

"Unasemaje?"

Bibi Assumpta alimtazama. "Colman, wewe si umeoa?"

"Nimeoa."

"Basi sauti yake unaijua."

Lakini Colman alikuwa mtu wa vipimo. Mkate wa magadi hautaki kukandwa; unachanganywa upesi, unakatwa msalaba juu, unaingia ovenini. Yeye aliukanda dakika ishirini, kama anayeshindilia kifusi kwenye shimo la lami. Msalaba aliukata kwa rula. Kisha kila baada ya dakika tano alifungua oveni kupima umeinuka kiasi gani, na kila mara haukuwa umeinuka kitu. Wa kwanza ulipotoka, Bríd alijaribu kuuma pembeni, akautoa mdomoni, akautazama. "Meno haya ni yangu mwenyewe," alisema, "na ningependa yabaki." Kwa miezi minne aliupeleka mkate wa mumewe kazini kila siku, na kila siku akaurudisha.

Mwezi wa Machi aliletwa Nuala. Alikuwa jike jeusi tii, mpole, asiye na sauti kabisa. Uwanjani alikuwa akiitwa Umeme wa Knockanroe, na katika mashindano yake kumi na mawili ya mwisho alishika mkia mara kumi na moja. Alikuwa ametolewa kizazi wiki chache kabla. Siku kumi alikaa vizuri. Siku ya kumi na moja alianza kuchakura godoro lake, akalizungukazunguka, akakataa chakula.

Jumanne moja Colman alitoa mkate, akauweka dirishani upoe, akatoka kwenda kufunga geti. Aliporudi, mkate haupo. Moyo ulimruka kwa furaha, kwa sababu kwa mara ya kwanza alidhani kuna kiumbe aliyekula mkate wake kwa hiari yake. Akatazama godoroni. Nuala alikuwa amelala kwa ubavu, mkate ukiwa kati ya miguu yake, mzima, haujaguswa na jino, anaulamba taratibu kuanzia upande wa msalaba. Colman aliponyoosha mkono, mbwa ambaye hakuwahi kusikika alinguruma.

Bríd aliporudi alisimama mlangoni na funguo za basi mkononi.

"Colman. Huyo mbwa ananyonyesha mkate."

"Nimeona."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu saa sita na nusu. Alipumzika kidogo saa nane."

Daktari wa mifugo, mwanamke kijana mwenye viatu vya mpira, alikuja kesho yake. Alichuchumaa, akamshika Nuala tumbo, akainuka.

"Ni mimba hewa," alisema. "Kizazi kimetoka, lakini mwili bado haujapata habari. Unadhani umezaa, unamtafuta mtoto. Wengine huchukua soksi, wengine kiatu."

"Sasa nifanyeje?"

"Usimnyang'anye. Mtembeze sana, chakula mpunguzie kidogo. Wiki tatu, nne, atasahau mwenyewe." Akauinamia ule mkate, akaugonga kwa kifundo cha kidole. "Umeoka mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Nilikuwa naogopa usije ukaoza au ukaliwa." Akaugonga tena. "Siogopi tena."

Kijiji cha Kilbrannagh kina duka moja, kwa hiyo kufika Ijumaa kila mtu alikuwa anajua. Watu walimsimamisha Colman penye maziwa na magazeti.

"Hongera, bwana. Wa kike au wa kiume?"

"Wa ngano," Colman alijibu, akaendelea kuchagua viazi. Hakuona cha kuchekesha. Alikuwa na mbwa mgonjwa na alikuwa anafuata maagizo ya daktari. Kwa kuwa Nuala hakukubali kutoka bila mwanawe, asubuhi na jioni walipita njia kuu wote watatu, Colman mbele na kamba, mbwa nyuma ameung'ata mkate ukingoni kwa ncha ya meno. Padri aliyekutana nao daraja la kanisa alivua kofia kwanza, halafu akaonekana kujiuliza kwa nini.

Bibi Assumpta alikuja kuona mwana kama inavyopasa, na keki ya zabibu kwenye kitambaa. Alikaa kitini, akautazama mkate kwa muda.

"Kafanana na baba yake," alisema. "Mgumu, na hasikii la mtu." Kisha akamgeukia Colman. "Kuanzia kesho ukikanda tena nakufunga mikono kwa taulo. Nimesema mara mia. Gusa, geuza, acha. Gusa, geuza, acha."

Labda ni kwa sababu alikuwa akimwaza mbwa, na akili haikuwa kwenye rula, lakini kuanzia hapo Colman alianza kugusa, kugeuza na kuacha.

Wiki iliyofuata Íde alimleta mtu anayetaka kumchukua Nuala moja kwa moja, mwalimu mstaafu wa jiografia kutoka mji wa Kilkenny, jina lake Redmond Stapleton, mrefu, mwenye haya. Alikataa kiti, akakaa sakafuni na kikombe chake cha chai, bila kumtazama mbwa, jambo ambalo Colman aliliona kuwa la adabu. Baada ya dakika ishirini Nuala aliinuka, akauchukua mkate, akauweka juu ya kiatu cha mwalimu.

Redmond hakuthubutu kuusogeza mguu.

"Wanakuja wote wawili?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Hawatenganishwi," alisema Íde, akaandika kwenye fomu: mbwa mmoja, jike, mweusi, mkate mmoja. Colman akatia sahihi. Mbwa wengine wote aliwaaga kwa kuwapigapiga mgongoni na kurudi kuendelea na shughuli. Huyu alimsindikiza mpaka garini, akawafunga wote wawili mkanda vizuri, akabaki amesimama getini hata baada ya gari kupotea. Bríd alimwona kupitia dirishani na, kwa mara ya kwanza tangu mumewe astaafu, alitoka yeye kwenda kumfuata.

Nyumba ikawa na nafasi kupita kiasi. Colman alioka kila siku, na mikate ikainuka. Ilipasuka vizuri penye msalaba, ikawa na ganda la kahawia na ndani laini kama shavu. Bríd alikula vipande vitatu na siagi, wima, hajavua koti. Colman alijua kwamba amefaulu.

Siku ya tano simu ililia. Alikuwa Redmond.

"Bwana Delahunty, samahani sana. Tumempoteza mtoto."

"Nuala?"

"Mkate. Tulikuwa tunatembea kando ya mto. Aliuweka chini anywe maji, ukabingirika."

"Haukuelea?"

"Ulizama kama jiwe. Nuala alisimama pale mpaka nikambeba. Sasa hagusi sahani yake. Nilimnunulia mwingine dukani."

"Akasemaje?"

"Aliula. Kisha akaendelea kuulizia wa kwanza. Ungeweza kunitengenezea kama ule?"

"Nitakutengenezea leo hii," Colman alisema, kwa moyo safi kabisa.

Wa kwanza ulitoka mwepesi, wa rangi ya dhahabu. Wa pili aliukanda kwa makusudi dakika kumi, nao ukainuka, kidogo tu, lakini ukainuka. Bibi Assumpta aliitwa. Aliugonga, akausikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Huu ni mzuri," alisema.

"Na huu?"

"Huu ni mzuri zaidi. Pole, Colman. Mikono imeshajua."

Bríd alikuwa ameketi mezani anapaka siagi. "Miezi minne natembea na matofali kwenye mkoba," alisema, "na leo tunapolihitaji moja tu, bwana amekuwa fundi."

Walikaa wote watatu kukumbuka makosa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko walivyofikiri. Bibi Assumpta alikiri kwamba katika miaka sitini na tisa hajaharibu hata mmoja, na hajui mtu anaanzia wapi. Basi Colman ndiye akawa mwalimu, akamweleza juu ya rula, na kupima ovenini, na kukanda, huku bibi akifumba macho kama anayesikia habari za msiba. Wa tatu ukawa mzuri tena. Wa nne hawakuutia magadi kabisa. Waliukanda kwa zamu, dakika arobaini, Bríd na yeye akipewa zamu yake, kisha wakauacha ovenini saa mbili unusu. Ulipotoka, Bibi Assumpta aliugonga kwa kifundo, kisha kwa kijiko.

"Haujibu," alisema.

Colman aliuvingirisha kwenye taulo, akaufunga mkanda kwenye kiti cha abiria, akaendesha mpaka Kilkenny. Nuala alikuwa amelala jikoni kwa Redmond, uso ukutani, sahani imejaa. Colman aliuweka mkate sakafuni, akarudi nyuma. Mbwa aliinua pua. Alikuja taratibu, akaunusa upande huu, akaunusa upande ule, akaunusa chini, muda mrefu kiasi kwamba Redmond alishika ukingo wa meza. Kisha akauchukua kwa ncha ya meno, akaupeleka godoroni, akaulaza, akarudi akala chakula chote. Colman mwenyewe mbwa hakumtazama hata mara moja. Alipita karibu na suruali yake kama anayepita karibu na kabati.

"Amefurahi," alisema Redmond.

"Ndiyo," alisema Colman. Alikunywa chai, akala skonzi moja, akaomba dakika mbili za kwenda msalani, na huko akajifuta uso kwa karatasi.

Siku kumi na mbili baadaye Redmond alipiga tena. Nuala amepona. Siku hiyo aliamka, akauacha mkate ukumbini, na tangu hapo anauruka tu kama kiatu cha mtu mwingine. Anakula, analala chali, ameiba mto.

"Sijui niufanye nini sasa," alisema. "Umekaa pale mlangoni."

"Wape ndege."

"Nimejaribu," alisema Redmond.

Alhamisi hiyohiyo Íde alileta dume la rangi ya hudhurungi, kubwa, lenye masikio ya kusinzia, ambalo karatasi zake zilisema linaogopa birika. Colman alikuwa ametoka tu kuoka. Wakati Íde anavua koti na kueleza habari za birika, dume lilinyoosha shingo, likauchukua mkate wa moto mezani, likaumaliza pamoja na karatasi ya chini, likajilaza mbele ya jiko na kufumba macho.

Bríd aliingia saa kumi na moja na njaa yake.

"Mkate uko wapi?"

"Ameula huyu."

"Wote?"

"Wote. Na karatasi."

Bríd alimtazama yule mbwa kwa muda, kisha akamtazama mumewe. "Angeacha hata ukingo," alisema, akavuta kiti, akakaa. "Haya, anza mwingine. Mimi nangoja hapahapa."