Mtani na Tanuri la Chuma

Nilifika Mlali juu ya lori lililokuwa likifuata kabichi za Mgeta, enzi zile wafanyabiashara binafsi walipoanza kupanda milimani wenyewe. Shule nilikuwa nimeiacha mapema, ila sikuacha kuulizauliza. Ndiyo maana lori lilipoharibika, nilipanda kilima kutazama kitu cha kijivu nilichokiona toka barabarani.

Lilikuwa tanuri la udongo, lenye kimo cha kifua changu, ambamo wazee wa zamani waliyeyusha chuma. Shamba lilikuwa la bibi mmoja wa Kiluguru. Kaka yake, mwenye kauli juu ya ardhi ya ukoo, alikuwa amelipiga plasta ya saruji kwa sababu mvua zilikuwa zimebadilika: hazikunyunyiza tena wiki nzima, zilimwagika zote mchana mmoja. Nikachokonoa ufa. Ndani, udongo ulikuwa umelowa kama uji. Maji yaliingia kwa juu yakakosa pa kutokea.

"Likianguka, kaka anamkodisha mtu wa kulima nyanya hapa," bibi alisema. "Ameshaapa."

"Basi tubandue saruji."

"Nani abandue? Hili ni kama kaburi letu. Mtu hafukui kwao." Akanitazama. "Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi, bibi."

Akacheka mpaka akashika kiuno. Mnyamwezi ni mtani wa Mluguru, na kazi ambayo wafiwa hawawezi kuishika, mtani huifanya.

Lori lilipotengenezwa likaondoka bila mimi. Nilibandua saruji yote, nikachimba mfereji upande wa juu, nikaezeka paa la nyasi. Kisha mimi na bibi tukaupaka ukuta matope ya kichuguu yaliyochanganywa na majani makavu. Tabaka la kwanza lilipasuka, tukacheka, tukaongeza majani. La pili likashika.

Kaka mtu akapanda, akanikuta nimechafuka mpaka masikioni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mtani, saruji yangu umeila?"

"Nimemvua mzee wenu koti. Alikuwa anaozea ndani."

"Likidondoka nakuzika humohumo."

"Sawa, ila Mnyamwezi hazikwi bila ng'ombe. Anza kutafuta."

Masika yakaja kwa mkupuo. Mfereji ukawa kijito, ukapitisha maji pembeni kwa kishindo. Mvua ilipokatika tulipanda sote watatu. Upande mmoja matope ya juu yalikuwa yamechukuliwa na maji, na ndivyo tulivyokusudia: yaliwe yenyewe, ukuta usalie. Ukuta wenyewe ulikuwa mkavu, umesimama wima.

Mjomba aliusukuma kwa bega, kidogo, halafu kwa nguvu zake zote.

"Unatafuta nini hapo?" bibi akamwuliza.

Mjomba alishuka na matope yake begani, moja kwa moja hadi kwa mtu wa nyanya, akamwambia atafute shamba kwingine. Bibi akapiga vigelegele hadi wapakiaji wa kabichi kule barabarani wakasimamisha kazi.