Nilimpa mgongo munganga, ng'ombe wa mke wangu akakosa kizazi

Kosa ni langu. Musitafute mwingine wa kumubebesha. Shetani mwenyewe siku ile alikuwa na kazi zake kwingine.

Naishi Likasi, nanunua madini kwa wachimbaji wa Kamatanda. Mtu akimwagia gunia maji ili liwe zito, natia mkono ndani, nakata kilo za unyevu, anaondoka akinitukana. Mimi siuziwi maji. Ndivyo nilivyojidai!

Mke wangu alikuwa na ng'ombe mmoja, Faida. Wake, si wangu. Alimpata kwa kuuza mikate miaka na miaka, na maziwa ya Faida ndiyo yalimfanya asininyooshee mkono wa pesa ya chakula kila asubuhi. Faida akazaa ndama dume, vizuri. Lakini kondo la nyuma halikutoka. Kesho yake lilikuwa bado linaning'inia, na harufu imeanza.

Munganga wa wanyama akaja na pikipiki, akapima homa, akataja bei ya sindano na ya kurudi kumwangalia kizazi. Nikacheka.

"Docteur, gawanya mara mbili."

"Papa, minye si muuzishi wa tomati. Mukichelewa, huyu hatabeba mimba tena."

Nikampa mgongo, nikatembea polepole. Sokoni, ukiondoka hivyo, muuzaji lazima akuite. Nikasikia pikipiki inawaka. Nikajua ni ujanja. Jamani, mtu akaenda kweli!

"Mufuate," mke wangu akasema.

"Atarudi mwenyewe."

Aliyekuja ni mchuuzi wa dawa za homeopathie, na chupa yake ndogo. "Papa, hii tunaichanganya na maji, tena na maji, tena na maji. Vile inapungua, ndivyo iko na nguvu."

Na minye, mkata-unyevu wa Kamatanda, nikamuomba apunguze bei. Akapunguza! Nikarudi uani nikipiga mluzi.

Matone asubuhi, matone jioni. Kondo likaoza, likaanguka vipande vipande. Nikasema: munaona? Uchafu ukaendelea kumtoka. Mke wangu akataka tumwite munganga. Nikasema tumalize chupa kwanza, tumeshailipa.

Faida akapona kwa nje. Tukampeleka kwa dume la mfugaji mmoja njia ya Buluo, hakushika. Tukarudi, hakushika. Maziwa yakakauka. Mwishowe nikamwita munganga, kwa bei yake ileile. Akaingiza mkono, akautoa, akanawa muda mrefu.

"Kizazi kimeharibika, Papa. Sasa sina kitu cha kukuuzisha."

Nilitaka kubishana. Na nani?

Mchinjaji akaja. Akataja bei ya aibu, ile ya kufungulia maneno tu. Nikafungua mdomo. Mke wangu akamwambia, "Kamata." Hakuniangalia. Faida akatoka uani kwa bei ya kwanza, na mimi nimesimama kama nguzo!

Sasa kila asubuhi mke wangu ananyoosha mkono. Namwekea, hasemi imetosha wala haikutosha. Zamani tulibishana hata bei ya chumvi, tukacheka. Sasa anachukua tu, anakwenda.

Weye unayefuga, kondo lisipotoka, ita munganga siku hiyohiyo, lipa anachosema. Ukimpa mgongo hatakuita. Minye bado nasikia ile pikipiki.