Mguu Wangu na Uji wa Rispa

Mtanisamehe, watu wa Mungu, leo nitashuhudia nimekaa. Mguu huu wa bandia nimeuvaa tangu asubuhi na umeanza kuniuma pale unaposhikia goti. Kina mama wa huko nyuma, msiposikia pigeni makofi, nitapaza sauti. Sauti bado ninayo, hiyo haikukatwa.

Wengi mnanijua kwa cherehani yangu pale Kisumu Ndogo, karibu na wauza omena, wale dagaa wa ziwani. Mimi ndiye Mama Mwende, mshonaji wa yunifomu za shule. Nilitoka Kitui nikiwa msichana, nikaolewa hapa Nairobi, mume akafa mapema, nikabaki na mtoto mmoja na cherehani ya kukanyaga. Mguu wangu wa kulia ndio uliokuwa unaendesha nyumba. Nikikanyaga, Mwende anakula. Nisipokanyaga, tunaangaliana. Mguu huo ndio nitakaowaeleza ulikoenda.

Mtaani Gatwekera, hapa hapa Nairobi, nilipanga nyumba iliyopakana na ya Rispa, ukuta wa udongo katikati yetu. Rispa ni Mluhya wa upande wa Mumias. Wakati huo alikuwa anauza omena kwenye beseni. Akikohoa, namsikia. Nikimgombeza Mwende, Rispa anapiga ukuta na kusema, "Mama Mwende, mwachilie mtoto, hata wewe ulikuwa mtundu!" Tuliokoka Jumapili moja. Tukabatizwa siku moja, yeye mbele na mimi nyuma yake. Na kwa sababu leo nimeamua kusema ukweli wote, hata nikiwa pale majini nilijiuliza kwa nini ametangulia yeye.

Ugonjwa nao ulitupata pamoja, kana kwamba tumepatana. Mimi ulinianza kwa kiu. Nilikuwa nakunywa maji mpaka tumbo linalia, na koo bado kavu. Nilikojoa, nikakojoa tena. Siku moja nikaona sisimizi wamejaa kwenye ndoo ninayotumia, nikadhani Mwende amemwaga soda. Nguo zikanipwaya, mimi mshonaji nikawa najipunguzia sketi zangu mwenyewe. Rispa alipoona hivyo akasema, "Wee, hata mimi niko hivyo hivyo." Tukaenda kliniki mkono kwa mkono. Sukari. Wote wawili. Nesi akatupa dawa za kumeza na akatufundisha: chakula kwa kipimo, dawa kila siku, na miguu tuiangalie kila jioni kama mtu anayekagua mtoto chawa. Tulicheka njia nzima. Tulikuwa tunakumbushana kupitia ukutani. "Umemeza?" "Nimemeza!"

Laiti ningebaki hapo.

Baadaye mambo ya Rispa yakanyooka. Yeye na mumewe walifungua duka la nafaka Kawangware, wakahamia nyumba ya mawe huko, maji ndani, sakafu ya vigae. Nilimwambia hongera, tena nilimkumbatia. Kisha nikaingia kwangu, nikakaa kitandani, nikauangalia ukuta wangu wa udongo. Upande wa pili alikuwa ameshahamia mtu mwingine, mlevi.

Kuanzia siku hiyo maombi yangu yaliharibika. Nikipiga magoti namtajia Mungu vitu vya Rispa, kimoja baada ya kingine, kana kwamba Yeye havijui. Rispa ana mume, wangu umemchukua. Rispa ana duka, mimi nakanyaga. Tuliokoka siku moja, Baba, sasa ni nini? Nilikuwa naliita hilo kumlilia Bwana. Lilikuwa wivu, na lilikuwa limevaa kitambaa cheupe kichwani na linakaa kiti cha mbele.

Halafu Jumapili moja Rispa akaja kututembelea kanisani, kwa sababu siku hizo alikuwa anasali huko Kawangware. Akaomba nafasi ya ushuhuda. Akasimama mbele, amenawiri, akasema, "Ndugu zangu, mnajua nilikuwa mgonjwa wa sukari. Nimepimwa wiki hii. Sukari yangu imeshuka mpaka daktari ameshangaa. Mungu amenitendea!" Kanisa lililipuka. Vigelegele, ngoma, kinanda. Nilimwona bado anafungua mdomo, ana neno la kuongeza, lakini wimbo ulikuwa umeshaanza, akashuka akicheza na wengine.

Nilipiga makofi mpaka mikono ikawaka. Ndani nilikuwa nasema, hata hili pia? Hata ugonjwa wetu umeniachia peke yangu?

Pasta hakusema mtu aache dawa, sitamsingizia. Hakuna aliyesema. Ni mimi mwenyewe. Jumapili iliyofuata, kikapu cha sadaka kilipopita, nilifungua mkoba nikatoa pakiti yangu ya dawa, nikaiweka humo juu, watu wote wa mstari wetu wakiona. Nilitaka waone. Baada ya ibada mzee wa kanisa alinifuata nje, maskini, akiwa ameishika.

"Mama Mwende, umesahau dawa zako kwenye kikapu."

"Sikusahau," nikamwambia. "Nimeacha."

"Umeuliza daktari?"

"Rispa alimuuliza nani?"

Aliondoka akitikisa kichwa. Mimi nikatembea kwenda nyumbani nimeinua kidevu.

Wiki za kwanza nilijisikia vizuri, au nilijilazimisha. Kiu ilirudi, nikaiita jua. Miguu ikawa inawaka na baadaye ikafa ganzi, nikaiita uchovu wa cherehani. Kisha ikafika zamu ya Rispa, ambaye bado alikuwa kwenye ushirika wetu wa kina mama, kutupokea nyumbani kwake. Mnajua desturi yetu, tunaenda tukitembea na kuimba, vitambaa vyeupe kichwani, viatu vyeusi. Rispa alikuwa na viatu vyeusi vizuri vya kufunga, vyenye kisigino kidogo. Nilitafuta vya kufanana kwenye mitumba mpaka nikapata, vikawa vidogo. Nilisukuma miguu ndani kwa nguvu. Sikuhisi kubanwa, nikafurahi, nikadhani vimekubali. Mguu wa ganzi hauwezi kukuambia kitu! Nilitembea navyo kutoka Gatwekera, tukapanda hadi Ngong Road, tukavuka, mpaka Kawangware, nikiimba sauti ya kwanza.

Sasa sikilizeni jinsi mtu mwenye macho anavyoweza kuwa kipofu. Rispa alitupokea peke yake. Mumewe hakuwepo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mzee yuko wapi. Alitumiminia chai yenye maziwa na sukari, na yeye akajimiminia yake kutoka chupa nyingine ndogo. Niliiona hiyo chupa. Nilikuwa nahesabu viti. Nilikuwa naangalia pazia, mshono wake, nani ameshona, mbona hakuniletea mimi kazi.

Aliniinamia akauliza, "Na wewe sukari unaendeleaje?"

"Nimepona kama wewe," nikamjibu, kwa sauti ya kusikika.

Uso wake ulibadilika. Akanishika mkono. "Njoo jikoni kidogo, tuongee."

Nikauvuta mkono wangu. Nilidhani anataka kunionyesha mfereji wa maji ndani ya nyumba. Nikamwambia, "Acha tu, mama, maji nimeyaona mahali pengi." Wenzangu wakacheka, wimbo ukaanza, ikaishia hapo. Mkono ule naukumbuka kila siku. Ulikuwa na joto.

Niliporudi kwangu nilivua viatu nikaona soksi imelowa damu. Chini ya kidole kikubwa ngozi ilikuwa imetoka, na kijiwe kidogo kilikuwa kimezama kwenye nyama. Sikuhisi chochote. Nilikitoa, nikaosha na chumvi, nikafunga kitambaa. Kwenda kliniki ilikuwa ni kusema sijapona, na Rispa amepona. Kwa hiyo sikuenda. Nilikanyaga cherehani na kidonda.

Baada ya muda nyumba ikaanza kunuka. Nikamwambia Mwende panya amefia chini ya kitanda. Tukatoa masanduku, tukafagia, tukamwaga dawa ya choo. Harufu iko. Mwende akainama kuokota ufagio karibu na mguu wangu, akabaki hapo hapo.

"Mathe," akasema, "ni wewe."

Akafungua kitambaa. Vidole viwili vilikuwa vyeusi, usaha unatoka katikati, na wekundu umepanda mpaka juu ya kifundo. Mwende alitapika mlangoni. Nilikuwa na homa, naongea mambo yasiyoeleweka, wanasema nilikuwa naita watu wa Kitui waliokufa zamani. Majirani walinibeba kwenye blanketi mpaka barabarani.

Hospitali nilipozinduka nilimkuta daktari kijana ameshika faili.

"Mama, dawa uliacha lini?"

"Nilipopona."

"Ulipimwa?"

"Sikupimwa. Niliamini."

Hakunicheka, Mungu ambariki. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Hata mimi huomba, mama. Lakini huu mguu umeoza. Tukiuacha, utaondoka na wewe."

"Aki mathe, kubali," Mwende akalia. "Cherehani nitakanyaga mimi."

Walikata chini ya goti. Nilipoamka vidole vilikuwa vinaniwasha, nikapeleka mkono kukuna, nikashika shuka. Nililia mpaka mama wa kitanda cha pili akaanza kulia pia, na yeye alikuwa na miguu yote.

Rispa alikuja saa ya kuona wagonjwa, amebeba chupa ya uji. Nilimtambua kwa mwendo nikageukia ukutani.

"Mulembe, dada," akanisalimu kwa Kiluhya. "Nimekuletea uji."

"Kunywa wewe uliyepona."

Nikasikia zipu ya mkoba, halafu kitu kikawekwa juu ya blanketi. Niligeuka. Ilikuwa pakiti ya dawa, zile zile tulizopewa pamoja, imeshaliwa nusu.

"Sijawahi kuacha, Mama Mwende. Hata siku moja. Nilisema sukari imeshuka, na ilishuka. Ni Mungu, na ni dawa hizi. Nilitaka kuwaambia watu wasiache zao, wimbo ukanizidi. Nilitaka kurudi niombe kusema tena, nikaona aibu. Siku ile kwangu nilitaka kukwambia jikoni."

Hapo ndipo ningenyamaza. Hapo ndipo mtu aliyeokoka angemshika mkono. Lakini nilimwangalia, nikaona miguu yake imesimama pale chini, na viatu vyake vyeusi, nikasema mbele ya wodi nzima: "Umenikata mguu, Rispa. Maisha yako yote umekuwa na kitu ambacho mimi sina. Sasa hata miguu umenizidi. Toka!"

Alininyoshea blanketi upande uliokuwa umeanguka, akachukua dawa zake, akatoka. Chupa akaiacha.

Jioni ile nesi alikuja na kuiona. "Nani amemletea mgonjwa wa sukari uji?" Akaufungua, akaonja kwa kijiko, sura yake ikalainika. "Hauna sukari hata chembe. Unga wa wimbi na ndimu tupu. Aliyepika huu anajua hii shida, mama. Ndio anaokunywa yeye mwenyewe." Nikaikumbuka ile chupa ndogo ya chai pale Kawangware, na jinsi nilivyoiangalia nikapita. Nikaomba nimiminiwe. Ulikuwa umepoa, mchachu, mzito. Niliunywa wote huku machozi yakiingia kikombeni, na nilikuwa najua ninakunywa nini.

Kidonda cha kukatwa kilichukua muda kufunga. Kilivuja, kikafungwa, kikavuja tena. Nilijifunza magongo nikianguka, nikafundishwa kujichoma sindano, nikamwomba Mungu msamaha kwa maneno machache kuliko nilivyozoea. Mara ya kwanza niliyoweza kwenda mbali, nilimwambia Mwende anipeleke Kawangware. Nyumba ya vigae ilikuwa na watu wengine. Jirani akatuambia mume wa Rispa alikuwa amemwacha zamani, hata kabla ya ule ushirika. Duka lilifungwa. Rispa mwenyewe sukari ilimpanda, macho yakaanza kumsumbua, akarudi kwao Magharibi, upande wa Mumias, kijiji gani hasa hawajui. Namba yake ya simu haiingii mpaka leo.

Yaani siku ile niliyokuwa nahesabu viti vyake, alikuwa ameachwa. Nilijua kila kitu alichonacho Rispa, na sikumjua Rispa.

Namshukuru Mungu kwa uhai. Nakanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto, mishono inatoka imepinda kidogo, wazazi wananivumilia. Mwende ananikagua mguu uliobaki kila jioni na ananigombeza kuliko nilivyomgombeza yeye. Wenzangu wagonjwa wa sukari, mezeni dawa zenu na muombe, vyote viwili. Usikiapo mwenzako ametendewa, furahi naye, halafu mwendee umuulize anaishije, analala vipi, anakunywa nini. Mungu hajawahi kuniuliza habari ya vigae vya mtu. Naamini siku moja ataniuliza habari ya mkono ule niliouvuta.

Na kuna wengi hapa mtakwenda Magharibi Krismasi. Mkikutana na mama anaitwa Rispa, mweusi, mrefu, aliyewahi kuuza omena Kisumu Ndogo, pengine haoni vizuri, msimpe hadithi ndefu. Mwambieni Mama Mwende wa Gatwekera anasema uji aliunywa wote, na chupa ameiosha, inamngoja mwenyewe aje aichukue.