Shada la Mashujaa Lilivyonifikisha Makaburini

Chekeni tu, hata mimi siku hizi nacheka, lakini kuna watu huku mtaani Ndosho ambao wakiniona karibu na maziko wanayashika maua yao vizuri, kwa sababu mimi, mtu mzima mwenye mke na duka la kutengeneza simu, niliwahi kuitwa mwizi makaburini, mchana kweupe, nikiwa nimevaa suti nyeusi na tai.

Ilikuwa ile wikendi ndefu ya Januari, ya kuwakumbuka mashujaa wa taifa. Mnajua Goma inavyokuwa: wengine wanapanda Rutshuru kusalimia wazazi (mke wangu naye alikuwa amekwenda kwa mama yake), wenye pesa wanateremka ziwani kula samaki, na sisi wengine tunakwenda kuangalia gwaride. Safari hii nilikuwa na kazi ya heshima. Binti yangu Neema, wa mwaka wa tano primere, yaani shule ya msingi, alichaguliwa kuweka shada la maua kwenye mnara wa mashujaa kwa niaba ya shule yake, mbele ya wakubwa wote, na kwa kuwa mama anayetengeneza mashada ni jirani wa duka langu, direkta wa shule akanikabidhi mimi kazi ya kulichukua na kulipeleka. Neema alifanya mazoezi wiki nzima uani, anatembea polepole, anainama, anarudi kinyumenyume, halafu ananiuliza, "Papa, hautachelewa?" Nami namjibu, "Mimi? Kuchelewa?"

Sasa, shada lilikuwa tayari tangu siku iliyotangulia. Ningelichukua tu jioni ile, mambo yakaisha. Lakini rafiki zangu walikuwa na mbuzi kwenye makaa, nikasema maua hayana miguu, hayataenda popote, nitayachukua asubuhi. Asubuhi ikafika, mimi sikufika nayo. Nilipoamka Neema alikuwa ameshatangulia na walimu. Nikavaa suti mbio mbio, nikaenda kulichukua shada, kubwa kama tairi la lori, lina utepe wa zambarau ulioandikwa KWA SHUJAA WETU, TAIFA HALITAKUSAHAU, nikalivaa shingoni (hakukuwa na pa kuliweka pengine), nikapanda pikipiki, na tulipotokea barabara kubwa tukakuta imefungana kabisa, malori, chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kusukuma, zilizojaa viazi, wanafunzi na bendera zao.

Hapo ndipo shetani aliponinong'oneza. Kwetu huku msafara wa maiti hausimamishwi, hata polisi anaupisha. Nikamwambia dereva, "Washa taa, piga honi, bataachia."

Na kweli wakaachia. Polisi mmoja akavua kofia, mimi nikamtikisia kichwa kwa huzuni (nilikuwa najiona nina akili sana). Kitu nilichosahau ni kwamba waendesha pikipiki wa Goma hawamwachi mwenzao aende kuzika peke yake. Wakaja wawili, wakaja watano, nikageuka nikaona nyuma yangu barabara nzima ni taa na honi, vijana wamesimama juu ya pikipiki wanapunga matawi ya miti. Mmoja akatusogelea kabisa, akapaza sauti, "Pole sana, papa! Ni nani alikufa?"

Ningesema hakuna. Neno moja tu. Lakini mimi huyu nikamjibu, "Ni mukubwa moja. Alikufia inchi."

"Bandugu, ni mukubwa! Alikufia inchi!" akawapigia kelele wenzake.

Honi zikaongezeka, wale wa mbele wakashika uongozi wa msafara, na kwenye njia panda, badala ya kuelekea mjini, wakakata upande wa Mugunga, njia ya makaburini. Nikampiga dereva wangu bega, "Geuka! Geuka!" Akanijibu bila hata kupindua shingo, "Papa, nikigeuka hapa batatupiga mawe. Tuzike kwanza."

Tuzike nani, jamani?

Makaburini kulikuwa na maziko kweli, madogo, watu wachache na padri mwenye haraka. Walikuwa wanamzika Muzee Balume, mtu ambaye, kama nilivyokuja kujua, alijulikana kwa kunywa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, kuliko kwa kazi yoyote. Wakaona jeshi la pikipiki linaingia na katikati yake mtu wa suti mwenye shada shingoni. Mjane akausoma utepe. Akausoma tena kwa sauti. Kisha akajitupa juu ya sanduku: "Balume wee! Miaka yote ninakuita mulevi, kumbe serikali inakujua!"

Kabla sijafungua mdomo shada lilikuwa limeshavuliwa shingoni mwangu na kutundikwa kwenye msalaba, na padri anatangaza kwamba mjumbe wa serikali atatupatia neno. Ningefanya nini? Nikasema marehemu hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Sauti moja ikaitikia, "Kweli kabisa, hata kama ni chupa ya kumi!" Wengine wakalia, wengine wakacheka, na simu yangu ikaanza kutetemeka mfukoni. Direkta. Sikuipokea, maana ningemwambia niko wapi?

Nikamfikiria Neema amesimama kwenye mstari, mikono mitupu, anaangalia njia. Moyo uliniuma kweli. Basi padri aliposema tufumbe macho tuombe, mimi sikufumba. Nikasogea, nikalishika shada, nikalivuta taratibu. Utepe ulikuwa umenasa. Nikavuta kwa nguvu, msalaba ukang'oka, ukamwangukia padri begani, na macho yote yakafumbuka kwa pamoja.

"Mwizi! Anaiba maua ya maiti!"

Nikapiga magoti palepale kwenye mawe yetu ya volkano (suruali ikapasuka) nikaungama yote: mnara, Neema, mbuzi, honi. Mjane akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo hakuwa shujaa?"

Nyinyi mngemjibu nini? Nikausimamisha msalaba, nikalirudisha shada mahali pake. "Alikuwa, mama," nikasema. "Ni taifa tu lilichelewa."

Hawakunipiga, lakini hakuna pikipiki hata moja iliyokubali kunibeba, na dereva wangu mwenyewe alijifanya hanijui. Nilitembea kwa miguu mpaka mjini, vumbi jeusi hadi kwenye kope. Nilipofika, wakubwa walikuwa wameshaondoka na vijana wanapanga viti. Chini ya hema walimu walikuwa wamemzunguka Neema, mmoja anampepea, mwingine amemshikia soda. Mwalimu wa kwanza kuniona alipiga kelele akakimbia, akaacha kiatu. Direkta akafanya ishara ya msalaba.

"Papa Neema," akasema, "si tulishakusimamia dakika ya kimya?"

Kumbe shule ilipoitwa na shada halionekani, direkta alimuuliza Neema baba yake yuko wapi, na mtoto akajibu amekufa. Direkta akakimbilia kipaza sauti. Wakubwa wote wakasimama, kofia mkononi, bendi ya fanfari ikanyamaza, na jina langu likasomwa pamoja na mashujaa.

Nikamvuta Neema pembeni. Nilikuwa na hasira, sitawaficha. "Sababu gani ulisema nimekufa?"

Hakulia. Aliitazama suruali yangu iliyopasuka, akanitazama usoni.

"Sababu papa yangu akiwa muzima, anafika."

Nimeshatukanwa na wateja wa kila aina, lakini hakuna neno lililowahi kuniingia kama hilo. Hasira iliisha palepale, nikabaki na aibu yangu. Tulirudi Ndosho, yeye mbele, mimi nyuma, na watu waliosikia tangazo wakivuka barabara kutukwepa.

Tangu siku hiyo nimeapa: honi za uongo, basi, na mbuzi wa mkesha wa sikukuu, hata anukie namna gani, basi. Mtoto akiniambia ananingoja, ninatoka mapema, hata kwa miguu. Sitaki tena jina langu lisomwe mbele ya wakubwa. Nataka tu siku Neema akiulizwa baba yake yuko wapi, anyooshe kidole.