Mwezi wa Nne Kwenye Laini ya Kaka Yangu

Nilipopoteza kitambulisho Isebania, kaka yangu alinisajilia laini ya simu kwa kitambulisho chake. Tulikubaliana ni kwa muda tu. Kitambulisho kipya kilipotoka nilikuwa Kegonga, natengeneza cherehani za mafundi wa sokoni, na sikuona haja ya kubadilisha. Mteja akinitumia malipo, jina lililotokea kwenye simu yake lilikuwa la kaka. Kwa hiyo waliniita kwa jina hilo, nami nikaitika. Nilipenda hata kuitika. Yeye alikuwa mtu wa kukaa: mke, binti, ng'ombe watatu, nyumba ya bati juu kidogo ya ziwa, Homa Bay. Mimi nilikuwa na sanduku la spana.

Alikufa mwaka jana, mwezi wa nne, kwa ugonjwa wa figo.

Mwaka huu, Juni ilipoingia, chuo kimoja cha ufundi upande wa Ndhiwa kilikubali kunipa kazi ya kutunza cherehani zake zote, pamoja na chumba cha kulala humo humo. Nina miaka arobaini na sita. Goti la kushoto limechoka kupanda pikipiki na sanduku mapajani. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka chumba kile. Walidai cheti cha kodi tu. Miaka ya nyuma mtu wa saiba, duka la intaneti, alikuwa akinijazia sifuri kwenye fomu ya kodi kwa bei ya chai na mandazi, lakini mhasibu wa chuo alinionya: fundi anayelipwa na watu kila wiki hawezi kuwa na mapato sifuri.

Nikaenda Migori kwa mama mmoja anayetayarisha hesabu za watu wa biashara ndogo ndogo. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi. Alichapisha taarifa ya laini yangu ya mwaka jana mzima, akasoma jina la juu.

"Huyu ni nani?"

"Kaka yangu. Alifariki."

"Pole. Aliyekuwa akishika cherehani ni wewe au yeye?"

"Ni mimi."

"Basi kodi ni yako. Mwache mwenye laini apumzike. Matumizi yako wapi?"

Risiti sikuwa nazo. Kwa miaka mingi nimeandika matumizi kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mfuniko wa sanduku langu. Niliung'oa kwenye bawaba zake nikamwekea mezani.

"Baba, watu huniletea karatasi. Wewe umeniletea mlango!"

Alicheka, halafu akaanza kuusoma pole pole, nami nikimweleza kila mstari. Mafuta ya cherehani. Sindano. Mikanda. Kodi ya chumba Kegonga, kile chenye bati lililotoboka, ambapo nilikuwa nikiamka na harufu ya majani mabichi ya mahindi. Nauli ya Uriri, kwa mshonaji aliyekuwa akinichomea viazi vitamu kabla hajaniambia cherehani ina shida gani. Yeye alishahama, na duka lake sasa linauza betri. Ningeweza kumsimulia huyo mama siku nzima, lakini alifika mwezi wa nne akaweka kidole.

"Hapa mfuniko hauna kitu. Lakini laini imepokea pesa nyingi kuliko miezi mingine yote ikijumlishwa. Ulitengeneza cherehani za jeshi?"

Nikamweleza. Simu ya kaka ilipotea hospitalini. Kamati ya mazishi ilipoulizana michango itumwe wapi, mimi mwenyewe nilisema laini yangu ina jina lake. Wote walifurahi. Mtu akituma akaona jina la marehemu, hana shaka.

"Mchango wa matanga si mapato," akasema. "Tutautoa. Ila niletee daftari la kamati nilinganishe jina kwa jina. Asiyekuwemo daftarini, pesa yake ninaiandika kuwa mapato yako. Au mjane aandike barua kwamba ilimfikia."

Nilikuwa najua ni majina gani hayatakuwemo. Daftari lilifungwa Jumamosi ya mazishi. Pesa ziliendelea kuingia wiki tatu: walioko mbali, wanawake wa samaki ambao kaka aliwahi kuwakopesha, mwalimu wake mmoja wa zamani. Nilijiambia nitazipeleka zikikamilika. Halafu nikaona vichwa viwili vya cherehani vikiuzwa rahisi, nikavinunua, nikavitengeneza, nikaviuza Kegonga. Pesa ile ikaendelea kutembea nami mpaka ikaisha.

Nilikwenda Homa Bay nikiwa nimeipanga hiyo barua kichwani. Uani kulikuwa na vigingi vitatu na ng'ombe mmoja. Shemeji alikuwa amekaa akimenya njugu.

"Shemeji, umekonda," akasema. "Au ni uzito wa kubeba majina mawili?"

Nilicheka peke yangu. Nikamweleza habari ya chuo, cheti na daftari. Alilitoa likiwa ndani ya mfuko wa nailoni, nikapiga picha kila ukurasa. Mwandiko ulikuwa wa binti yao.

"Kuna waliotuma baada ya mazishi," nikasema.

"Najua."

"Wa kodi wanataka barua. Kwamba zilikufikia."

Aliendelea kumenya.

"Walinipigia, mmoja mmoja. 'Mama, umekiona kile kidogo?' Nikawaambia nimekiona, asanteni."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize nini? Turubai lilikuwa halijarudishwa kwa mwenyewe, nianze kusema ndugu wa mume wangu ni mwizi?" Alipeperusha maganda kwenye ungo. "Barua siandiki. Za daftarini waambie ni za matanga. Hizo nyingine waambie ulizipata wewe. Ulishazila, zilipie kodi."

"Nikianza kazi nitakurudishia."

"Hiyo utajua wewe."

Jikoni nilisikia sahani zikipangwa, kisha shemeji akamwambia binti kwa sauti angoje kwanza. Katika nyumba ile sikuwahi kuondoka bila kula, hata siku ya mazishi yenyewe. Nilikaa kidogo. Maji ya kunawa hayakuletwa. Nikaaga, akaitikia bila kuinuka.

Migori yule mama alilinganisha majina hadi mchana, akabaki na yale ya mwisho.

"Haya tuandike ni ya nini?"

"Ni mapato."

"Ya kazi gani?"

Alinitazama juu ya miwani yake, akaandika: mapato mengineyo. Nililipa kodi ya mapato hayo kwa pesa ya sanduku la spana: niliuza nusu ya vifaa. Cheti kilitoka wiki hiyo.

Sasa naishi chuoni. Laini ni ile ile, ila sasa ina jina langu, na mwisho wa mwezi namtumia shemeji kiasi. Simu huniambia amepokea. Yeye haniambii kitu.

Juzi fundi mmoja wa Kegonga alinitumia deni la tangu mwaka juzi, kisha akapiga.

"Omera, ndugu yangu, limetokea jina nisilolijua. Nimekosea namba?"

"Hujakosea. Ni mimi."

"Wewe nani? Yule mwenye jina la zamani yuko wapi?"

Nikamwambia alikufa mwaka jana. Akanipa pole, akauliza kama nyumbani kwake bado wanapokea mchango.