Kuku wa Mkaa

Juzi mjukuu wangu alinipeleka duka la vitabu hapa mjini, mwandishi anasoma kitabu chake. Alipomaliza, watu wakapanga foleni awachorechoree vitabu vyao vipya kwa kalamu, tena wanamshukuru! Mimi nikaangalia mlangoni, nikidhani baba anaingia.

Maana kwetu Mkuyuni, nikiwa mtoto, mchana mmoja, maharage yananukia jikoni, nilifungua daftari la kaka yangu Kibwana. Mwalimu alikuwa amelijaza alama nyekundu, nikajua ndivyo vitabu vinavyopambwa. Nikachukua mkaa, nikachora humo kuku wetu, hadi kucha zake.

Baba akanguruma, "Nani kaharibu daftari la mwanangu?" Kwani mimi nilikuwa mwana wa nani? Mchi ukanishukia mkononi, kidole kikalia *kwa!* kama kijiti kikivunjika. Akanipiga na mgongoni, mama anapiga kelele, "Baba Kibwana, utaua!" Damu ikamdondokea kuku wangu. Baba akaapa mkono huo hautashika kalamu. Shule sikwenda.

Pale dukani, foleni ikanifikia. Mwandishi, kwa sauti ya mbuzi mwenye mafua: "Shikamoo bibi, nikuandikie nini?"

"Marahaba. Lete hiyo kalamu."

Nikamchora kuku yule kwenye kitabu chake, na kucha zake, kwa kidole kile kile kilichopinda.